Ungo Juu ya Udongo

Alhamisi, 3 Novemba 2022

Zimebaki siku kumi! Jumapili ya tarehe kumi na tatu ukoo wetu wa Tak utapanda mlimani kwenye makaburi ya mababu, na mimi, Tak Man-sik, miaka sabini na mmoja, mkulima wa matufaha, nitashika kikombe cha kwanza cha pombe ya tambiko. Nimekisubiri tangu nina miaka tisa.

Kwetu kikombe cha kwanza hapewi mwenye mali wala mwenye elimu. Anapewa aliye wa kizazi cha juu kuliko wote waliosimama pale. Vizazi vikilingana, ndipo umri unaangaliwa. Baba mkubwa Su-dong alikishika miaka ishirini na sita bila kuugua hata mafua. Baba yangu ndiye aliyekuwa anamfuata. Alishonesha na kanzu mpya ya kitani, akaikunja kabatini, akasubiri, akasubiri, mwisho akatangulia yeye. Su-dong alifariki Februari, akiwa na miaka tisini na nane. Kanzu iko tayari. Niliijaribu leo mbele ya kioo. Mke wangu akasema nimependeza, sasa niivue nikambebee chumvi, kuna kabichi mia na ishirini za kimchi, za kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, zinanisubiri.

Doa moja tu. Tak Gi-tae.

Huyu amekuja mwezi uliopita kutoka Ulsan, alikuwa fundi wa kuchomelea meli, amestaafu, ana miaka hamsini na minane. Babu yake aliondoka hapa kijana na hakurudi. Wiki ya kwanza akatengeneza mtambo wa kupasha joto sakafu ya ukumbi wa wazee. Wiki ya pili akina mama wote wakawa wanamwita mwanangu. Wiki ya tatu nikamkuta amekaa mahali pangu! Pale penye moto zaidi, karibu na ukuta, chini ya kalenda. Nimepakalia miaka sita.

Na leo mtu akanong'ona: huyu Gi-tae ni kizazi cha ngapi? Hakuna anayejua. Mwenyewe hajui. Akiwa wa kizazi cha baba yangu je? Chai ilinipalia.

Ijumaa, 4 Novemba

Nina akili mimi. Wakati mwingine najishangaa.

Kila mwanamume wa ukoo wetu ana herufi ya Kichina ya kizazi chake ndani ya jina, na herufi hizo huzunguka kama gurudumu. Maji huotesha mti, mti huzaa moto, moto huacha udongo, udongo huzaa chuma, chuma hutoa maji. Baba yangu alikuwa maji. Mimi ni mti. Kwa hiyo ukiiona herufi ya mtu umemjua ni nani kwako. Nikamwambia Gi-tae aandike jina lake kwenye daftari la ukumbi, kwa herufi za Kichina, kama waungwana. Akasema hazijui. Akatoa kitambulisho, akaiga herufi moja moja, ulimi nje, kama mtu anayechora ramani ya meli.

Nikachungulia. Ile herufi ya Gi, chini kabisa, imekalia udongo. Udongo! Nikakimbia nyumbani kwa kitabu changu. (Kitabu ni cha watoto wa darasa la pili, kina picha. Nimekifunika na gazeti la mbolea. Watu wote hapa wananiona msomi na sioni sababu ya kuwasumbua na ukweli.)

Mti ni mimi. Moto ni wanangu. Udongo ni wajukuu. Gi-tae ni mjukuu wangu!

Jumamosi, 5 Novemba

Siku tukufu. Niliwakusanya ukumbini watu kumi na wanne, nikasimama, nikakohoa.

Nikawaeleza asili ya herufi ile. Juu, nikasema, wahenga wa China walichora ungo, huu huu wa kupepetea nafaka. Chini wakachora udongo. Sasa niambieni, ndugu zangu, kinachoanguka kutoka kwenye ungo hadi udongoni ni nini? Pumba! Nafaka inabaki juu, pumba zinaanguka. Herufi yenyewe inamfundisha mwenye jina anyenyekee. Hayo ya pumba hayamo kitabuni, niliyaongeza papo hapo, na yalipendeza sana.

Nikamalizia kwamba Gi-tae ni mjukuu wangu kwa ukoo, kwa hiyo asikae nilipokaa na aniite babu. Nikajiandaa kwa ugomvi. Hakugomba! Alipiga magoti, akainama hadi paji la uso likagusa sakafu, akasema, "Babu, nisamehe, sikujua." Kisha akanipangusia pale mahali pangu kwa mkono wa sweta lake.

Wote walifurahi isipokuwa Bi. Seol. Huyu ni mjane, alikuwa mwalimu, anatufundisha kuandika kwa brashi kila Jumanne, na ana tabia mbaya ya kusoma vitabu vya watu wazima. Akaniuliza kwa upole kama nimelihesabu gurudumu vizuri. Nikamjibu kwamba mimi ni mzaliwa wa kwanza wa mzaliwa wa kwanza wa mzaliwa wa kwanza, mara tisa kurudi nyuma, mtu kama mimi hahesabu, anahesabiwa. Akatabasamu. Silipendi lile tabasamu.

Basi kumnyamazisha nikapiga simu pale pale ofisi ya ukoo iliyoko Daegu, sauti ikisikika na wote. Nikaagiza nakala ya ukurasa wa Gi-tae kutoka kitabu cha ukoo, iletwe hapa ukumbini, kwa posta ya haraka, isomwe mbele ya watu. Na nani? Na Bi. Seol mwenyewe! Ajionee.

Jumatatu, 7 Novemba

Kuwa na mjukuu wa miaka hamsini na minane ni raha isiyosemeka. Amebeba magunia ya chumvi. Amebeba kabichi zote. Amenimenyea peari, akanikata vipande vidogo kama mgonjwa. Dukani aliniita babu kwa sauti, na mwenye duka, ambaye kwa kawaida hainui macho, akainua macho.

Mahali pangu pameniunguza kidogo. Tangu atengeneze ule mtambo sakafu imekuwa kali kama kikaango, lakini nimekaa, siwezi kuonekana nahama. Mke wangu amenipaka mafuta huko nyuma akasema hajawahi kuona mtu anayeungua kwa heshima.

Leo wakati wa kupaka kabichi pilipili, Gi-tae alisema neno. Alisema baba yake hakuwahi kumleta hapa hata mara moja, aliona aibu kurudi mikono mitupu. Alipokuwa mdogo, wenzake walikuwa wanakwenda kwa babu zao siku ya mwaka mpya, yeye anabaki anaangalia meli. Akacheka, akasema sasa hata yeye ana babu.

Iliniuma. Sitaki kusema uongo katika shajara yangu. Nikampa tufaha. Lililogongwa kidogo upande mmoja, lakini tufaha.

Jumatano, 9 Novemba

Nimekwisha!

Nilipanda mlimani kufagia majani, peke yangu, nikifanyia mazoezi hotuba. Nikapumzika nilikopumzika miaka arobaini, kwenye jiwe la kaburi la baba wa babu yangu. Huwa natundika mundu wangu pale. Huwa naegemeza chupa ya pombe ya mchele pale. Leo jua lilikuwa linapiga ubavuni na herufi zikaonekana vizuri. Tak. Halafu ungo. Halafu chini ya ungo, udongo.

Nikavaa miwani. Ungo juu ya udongo. Tak Gi-ho, baba wa babu yangu.

Nikakaa chini kwenye majani niliyoyafagia. Gurudumu linazunguka, mpumbavu wewe! Linazunguka pande zote mbili! Mti unashuka kwa moto, kisha udongo, sawa. Lakini ukipanda: maji ni baba, chuma ni babu, na juu ya babu ni nani? Udongo! Udongo ni mjukuu wangu au ni baba wa babu yangu, moja kati ya mawili, na mimi nilikimbilia lile nililolipenda. Miaka arobaini nakata nyasi mbele ya herufi ile! Nimeiona mara nyingi kuliko uso wa mke wangu.

Labda ni mjukuu bado. Labda. Nusu kwa nusu. Na bahasha iko njiani, na imeagizwa na nani? Na mimi. Isomwe mbele ya nani? Mbele ya wote. Hakuna adui aliyewahi kunitendea ninavyojitendea mwenyewe.

Alhamisi, 10 Novemba

Mpango: kumkamata tarishi kabla hajafika ukumbini. Rahisi. Anapita kwenye mteremko wa bustani yangu saa nne kila siku.

Saa tatu na nusu nikajificha nyuma ya mitufaha. Saa nne, hayupo. Saa nne na robo nikasikia pikipiki, nikaruka barabarani nimenyoosha mikono. Alikuwa muuza tofu, ile jibini laini ya soya. Alinusurika, tofu kadhaa hazikunusurika. Nikiwa bado namwomba radhi, tarishi akapita nyuma yake, akanipungia mkono, akaenda zake.

Nikakimbia. Kwa umri wangu! Nafika mlangoni pa ukumbi, Gi-tae anatoka na bahasha mkononi, uso unang'aa. Babu, mzigo wako umefika, nimekusainia. Nikasema nipe. Akasema usihangaike babu, unahema, ngoja nimpe Bi. Seol. Ameshampa! Nimekaa mahali pangu. Pamoto. Sikuhisi.

Bi. Seol akavaa miwani. Akasoma polepole, kwa ile sauti ya darasani. Tak Gi-tae, mwana wa fulani, mwana wa fulani, akateremka na kidole. Kisha akakunja karatasi, akaniangalia, na nasema kweli, aliniangalia kwa huruma, ndilo lililonichoma zaidi.

Akasema Gi-tae si mjukuu wa Man-sik. Ni wa kizazi cha baba wa babu yake Man-sik.

Mtu mmoja akauliza itawezekanaje, mbona ni mdogo kwake miaka kumi na mitatu? Bi. Seol akasema, ah, hilo Bwana Man-sik ametufafanulia vizuri mwenyewe. Mzaliwa wa kwanza anaoa mapema, anazaa mapema, na mwanawe wa kwanza vivyo hivyo, vizazi vyake vinateremka mbio. Wazaliwa wa mwisho wanakuja wakati baba zao wameshaota mvi, vizazi vyao vinajikokota. Anayetoka kwa mzaliwa wa kwanza mara tisa lazima awe chini. Gi-tae ametoka kwa kitinda mimba wa kitinda mimba. Kwa hiyo yuko juu.

Nimeimba wimbo huo miaka sita mahali pale pale! Nilikuwa najisifu kwamba mimi ndiye wa chini!

Hakuishia hapo. Akachukua brashi, akaiandika herufi kubwa kwenye karatasi. Akasema ni kweli sehemu ya juu zamani ilikuwa picha ya ungo. Lakini hapa ungo haukuja kupepeta kitu, umeazimwa tu kwa ajili ya sauti yake, ili watu wajue namna ya kutamka. Maana iko kwenye udongo. Ni udongo uliowekwa chini kabla ya ukuta kusimama. Herufi maana yake ni msingi. Mtu wa nyuma akasema, "Pumba ndiyo hiyo!" Wakacheka hadi kalenda ikaanguka.

Gi-tae peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama, masikio mekundu. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo wewe si babu yangu tena?"

Ijumaa, 11 Novemba

Nina mafua. Mafua makali. Sitoki.

Mke wangu anasema mafua gani hayana kamasi. Nikamwambia ya ndani.

Saa sita akaja Gi-tae na uji wa wali, ameupika mwenyewe. Nikajifunika blanketi. Mke wangu akasema kwa furaha isiyo ya lazima, "Baba Hwa-yeong, inuka, baba wa babu yako amekuja. Utamsalimia umelala?" Sheria ni sheria. Nikatoka kitandani, nikapiga magoti na soksi moja, nikainama. Na yeye, kwa mazoea, akainama wakati ule ule. Vichwa vikagongana. Nina nundu. Yeye hana, kichwa cha fundi wa meli.

Akasema kile kikombe hakitaki, nikichukue mimi. Roho ikaruka! Nikasema kwa unyenyekevu kwamba sawa, akishurutisha. Mchana tukawauliza wazee wa ukoo kwa simu, wakajibu kwamba haiwezekani, kizazi hakigawiwi kama peremende. Basi. Baba alisubiri akafa. Mimi nimesubiri nikajichongea.

Jumamosi, 12 Novemba

Baya zaidi. Gi-tae hana kanzu. Ana koti la kiwandani lenye mistari inayong'aa. Hawezi kushika kikombe cha kwanza akiwa anang'aa. Na kanzu ya ibada haipatikani kwa siku moja, na wenye nazo watazivaa.

Mke wangu alifungua kabati tu, akaliacha wazi, akaenda zake kwenye mapipa ya kimchi.

Nilikaa naiangalia. Nilisema hapana. Nilisema kwa sauti, kwa kabati. Baba aliipima mwenyewe, alisimama pale pale dirishani, fundi akimwambia mikono ni mirefu, naye akasema acha, mikono mirefu ina heshima. Hakuivaa hata mara moja. Na mimi nimpelekee mtu aliyekuja mwezi uliopita?

Nikala. Nikalala kidogo. Nikaamka, kabati bado wazi.

Nimempelekea. Nilimwambia ni ya kuazima, asiitie mchuzi.

Jumapili, 13 Novemba

Upepo mkali sana mlimani. Naandika hili ili ijulikane macho yangu yalikuwa mekundu kwa sababu gani.

Watu thelathini na zaidi. Peari, samaki, nyama, mikate ya mchele imepangwa kama inavyotakiwa. Mistari hufuata vizazi; wa pili na wa tatu sasa mitupu, nami nimesimama wa nne na watoto wa shule wa kizazi changu. Gi-tae mbele, ndani ya kanzu ya baba, mikono ya kanzu ikimpita vidole. Kanzu imefika kwenye kikombe baada ya miaka yote hii. Mimi simo ndani yake.

Alipopewa kikombe, pombe ikaanza kumwagika ukingoni. Hajui aanze na mguu upi. Hajui aelekee wapi. Wazee wakaanza kukohoa. Akageuka, akanitafuta kwenye mstari wa nne, akauliza kwa sauti kama kweli yeye ni baba wa babu yangu. Wakasema ni kweli. Akauliza, basi nikimwamuru kitukuu changu jambo, anaweza kukataa? Wazee wakatazamana. Hawezi.

"Haya, Man-sik, njoo hapa unishike mkono."

Nikaenda. Nikatia mikono yangu ndani ya mikono ile mirefu ya kanzu, chini ya mikono yake, kikombe kikatulia. Nikamnong'oneza: sasa piga goti, sasa inua hadi usawa wa nyusi, polepole, sasa weka. Tukaweka pamoja. Mbele yetu jiwe la Tak Gi-ho, ungo juu ya udongo, na ule mkwaruzo wa mundu wangu ubavuni.

Baba, nilikigusa. Ni kama ulikigusa.

Nilipiga chafya mara nyingi baadaye. Upepo.

Jumanne, 15 Novemba

Nimetafakari sana siku hizi mbili na nimekuwa mtu mpya. Gi-tae ni mtu mwema. Amenirudishia kanzu imefuliwa. Amenipa mahali pangu ukumbini, ingawa nimehama mimi mwenyewe, kwa sababu za kiafya. Sina kinyongo naye hata kidogo.

Ila leo, kwa udadisi tu, nilikuwa napitia ile nakala ya kitabu cha ukoo, nikaona jambo. Juu kabisa, vizazi sita juu yangu, yuko mzee mmoja aliyefariki bila mtoto. Mstari wake unaishia hapo, mtupu, hakuna wa kumwinamia. Inasikitisha. Na kila mtu anajua ukoo unaruhusu mtu kuingizwa kitabuni kuwa mwana wa marehemu asiye na mrithi, ili mstari usikatike. Kanuni inataka vizazi vifuatane vizuri, lakini hizo ni kanuni ndogo ndogo.

Nikihesabu vizuri (nimehesabu mara mbili, kwenda na kurudi), nikiwa mwana wake nitakuwa juu ya Gi-tae kwa vizazi viwili. Atakuwa mjukuu wangu tena! Na mwenyewe alikuwa anataka babu. Hivyo namfanyia hisani.

Nimeandika barua ndefu kwa ofisi ya Daegu, nimeipeleka asubuhi hii. Nimewaomba majibu yaje kwa posta ya haraka, ukumbini, na Bi. Seol ayasome mbele ya wote.